Maumivu Yakimbiayo

Kuna maumivu ambayo humjia mtu usiku wa manane, akiwa amelala salama wala hakuugua kitu mchana kutwa, yakamshika ghafla ndani ya puru kama ngumi inayokunjwa, yakamwinua kitandani na kumzungusha chumbani amejipinda, jasho likimtoka na pengine akikaribia kuzimia. Kisha, baada ya dakika chache, aghalabu hata nusu saa haijatimia, yakaondoka kama yalivyokuja, yasiache uvimbe, wala damu, wala jeraha, wala homa. Asubuhi huyo mtu huamka mzima. Akienda kwa tabibu hana la kuonyesha. Na akiulizwa nyumbani ni nini kilichomwamsha usiku, huona haya kutaja mahali penyewe, akasema tu kwamba tumbo lilimsumbua.

Haya hiyo kwetu ina adabu zake. Watu wa pwani hawataji tupu ya nyuma barazani, na mwenye bawasiri aweza kupitisha miaka akijifunza kukaa upande mmoja wa kiti ili asitambulike, ingawa wazee walikwisha kumwonya kwa methali yao kwamba mficha uchi hazai. Lakini tarihi ya tiba ya mahali hapa yatufunza jambo ambalo methali haikulitia hesabuni. Haya pekee haikuwa sababu ya maumivu haya kukaa karne nyingi bila jina, maana maradhi mengine ya puru yalikwisha kufunuliwa, yakaandikwa na kutibiwa tangu zama za Mafirauni. Sababu kubwa ni kwamba tabibu wa kila zama alisadiki alichokiona kwa jicho na kukigusa kwa kidole, na maumivu haya hayangoji jicho wala kidole.

Wamisri wa kale hawakuona aibu katika jambo hili. Herodotus, Myunani aliyeandika habari zao katika karne ya 5 kabla ya Masihi, alistaajabu kuona kwamba huko kila tabibu alikuwa na maradhi yake, huyu ya macho, huyu ya kichwa, huyu ya meno, huyu ya tumbo. Na mawe ya makaburini yamemshuhudia. Iry, tabibu wa kasri la Firauni, aliandikiwa vyeo vyake juu ya jiwe la kaburi lake huko Giza, na miongoni mwavyo, sambamba na utabibu wa macho na wa tumbo, kimo cheo cha mchungaji wa tupu ya nyuma, kilichochongwa kwa taadhima ile ile ambayo mwingine angechongewa uweka hazina. Yako pia mafunjo yaitwayo Chester Beatty, yaliyohifadhiwa British Museum mjini London, ambamo mwandishi wa yapata mwaka 1200 kabla ya Masihi aliyashughulikia maradhi ya mahali hapa moja baada ya moja: kuungua, kuwasha, kutoka puru, na kwa kila moja akaamuru dawa ya kunywa, ya kupaka, au ya kumiminwa ndani kwa njia ya haja kubwa. Itikadi yao ilikuwa kwamba uchafu uliooza matumboni huingia katika mishipa na kutembea mwilini mzima, hata ufike moyoni. Mswahili asomaye hayo hatayaona mageni, kwa kuwa hata kwetu maumivu yasiyo na mahali maalumu, ya tumbo la chini, ya kiuno na ya kinena, yamekuwa yakipewa tangu jadi jina la mshipa au la ngiri, na mganga aliyeulizwa habari za maumivu ya ghafla hakukosa jibu.

Kwa Waarabu ilimu hii ilipata vitabu vilivyopangika, na sisi tukapata neno, maana bawasiri ni lao. Miongoni mwa walioandika ni Musa bin Maimun, Myahudi mzaliwa wa Kurtuba katika Andalusi, aliyekuwa tabibu mashuhuri wa Misri hata kufa kwake mwaka 1204, ambaye alimtungia kijana mmoja wa ukoo mtukufu risala ya Kiarabu juu ya bawasiri, yenye milango saba. Yafaa kuangalia jinsi alivyokichelea kisu: alimshauri mgonjwa wake aanze kwa kurekebisha chakula na kulainisha choo, akahoji faida ya kukata kinachoonekana nje ilhali asili ya maradhi imebaki ndani, kwani kitarejea. Hata hivyo, naye alikuwa akisema juu ya kitu kilichovimba, kinachotoka na kutoa damu. Hekima yake ilivuka mipaka ya jicho kwa hatua moja, lakini jicho ndilo lililomwonyesha njia.

Huko Ulaya kisu kilipata mashabiki zaidi, na pamoja nacho fedha. Mpasuaji Mwingereza John Arderne, aliyekaa Newark kisha London, aliandika mwaka 1376 namna yake ya kupasua nasuri, yaani ule mfereji wa usaha utobokao kutoka ndani ya puru hadi ngozi ya nje, ambao matabibu wa leo huuita fistula. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kujua thamani ya mkono wake, akaandika na ujira: tajiri na atozwe paundi 40, pamoja na mavazi, na shilingi 100 kila mwaka maadamu yu hai. Wa chini yake wapunguziwe, ila ujira usishuke chini ya shilingi 100. Tabibu, alisema, awe na staha, asiwe mlevi wala mwingi wa maneno.

Lakini hapana nasuri iliyopata sifa kama ile ya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1686 ilimzuia kupanda farasi, na dawa za kupaka ziliposhindwa, mpasuaji wake Charles-François Félix akafua kisu maalumu chenye kupinda, akakifanyia mazoezi kwa miezi juu ya maskini wa hospitali za Paris, ambao tarihi haikuhifadhi majina yao, na asubuhi ya tarehe 18 Novemba akampasua mfalme huko Versailles bila dawa ya usingizi, kwa sababu haikuwapo. Mfalme akapona. Félix akapewa fedha na ardhi. Na Pierre Dionis, mpasuaji wa zama zile, asimulia kwamba baadhi ya wakubwa wa baraza, ambao hawakuwa na nasuri yoyote, walikuja kuomba nao wapasuliwe, wakakasirika walipoambiwa kwamba hawana haja. Katika sherehe za shukrani za Januari 1687, mtunga muziki Jean-Baptiste Lully, akipigisha mdundo kwa fimbo nzito, alijipiga mguuni, jeraha likaoza, akafa mwezi Machi. Hata ikawa maradhi ya mfalme yalimwacha mfalme hai yakamchukua mwanamuziki.

Maskini nao walingoja zamu yao hata mwaka 1835, mpasuaji Frederick Salmon alipofungua katika mtaa wa Aldersgate, London, nyumba ndogo yenye vitanda saba kwa ajili ya mafakiri wenye nasuri na maradhi mengine ya puru. Mwaka 1854 hospitali hiyo ilihamia jengo jipya, likafunguliwa tarehe 25 Aprili, siku ambayo Wakristo humkumbuka Marko Mtakatifu, na tangu hapo ikaitwa St Mark's. Wenye vyeo hawakumkimbia Salmon: mwaka 1841 alimpasua Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, nasuri yake, naye akavumilia kisu macho wazi.

Katika safari hiyo yote, kutoka kwa mchungaji wa Firauni hadi vitanda saba vya Aldersgate, kila aliyepokewa mlangoni alikuwa na kitu cha kuonyesha: uvimbe, tundu, usaha au damu. Aliyekuja na usiku wake mtupu, akasema kwamba jana alishikwa na leo ameachwa, hakuwa na mlango. Alifunua uchi kama methali ilivyomwamuru, na hakikuonekana kitu.

Dalili ya kwanza ya mabadiliko ilikuja mwaka 1883, tabibu A. S. Myrtle alipochapisha katika jarida la matabibu wa Uingereza makala juu ya maradhi ya kawaida ya tupu ya nyuma, ambayo kichwa chake chenyewe kilikiri kwamba aghalabu hupuuzwa na matabibu na wagonjwa pia. Na humo akayaeleza maumivu haya ya ghafla. Jina, hata hivyo, lilingoja miaka mingine 52. Mwaka 1935 Thaysen, tabibu wa Copenhagen huko Denmark, aliandika katika jarida la Lancet juu ya namna ya maumivu ya puru isiyojulikana sana, akayaita proctalgia fugax, akichanganya Kiyunani na Kilatini: neno la kwanza ni maumivu ya puru, na la pili ni chenye kukimbia. Hakugundua dawa, wala hakuthibitisha sababu. Alichofanya ni kuwakusanya chini ya jina moja watu ambao kila mmoja alidhani ni yeye peke yake duniani.

Yastahili kuulizwa ni kwa nini safari hii walisadikiwa. Jibu moja linapatikana katika makala ya mwaka 1970, katika jarida la Uingereza liitwalo The Practitioner, iliyoyaita maumivu haya maradhi ya daktari. Haielekei kwamba maumivu yana ubaguzi wa kazi. Uchunguzi wa kaya za Marekani uliochapishwa 1993 uliona kwamba takriban watu 8 katika kila 100 wameyaonja, na wengi wao hawakupata kumwendea tabibu. Lakini matabibu walikuwamo miongoni mwao, nao waliposhikwa usiku hawakuhitaji kumshawishi mtu. Walichukua kalamu wakajiandika. Kauli ya fundi au mchukuzi kwamba aliumwa jana ilihitaji shahidi. Kauli ya daktari ilikuwa ushahidi wenyewe.

Sababu hasa bado inatafutwa. Dhana kubwa ni kwamba misuli ifungayo puru hukaza kwa ghafla, kama mguu unavyokamatwa na mkakamao usiku, na katika koo chache imeonekana kwamba msuli wa ndani ni mnene na hali hiyo hurithiwa. Mwaka 1996 matabibu wa Ujerumani walijaribu kwa wagonjwa 18 dawa ya kuvuta ya wenye pumu, salbutamol, wakaona kwamba iliyafupisha maumivu, hasa kwa wale ambao yao hukawia. Ila kwa wengi, kabla mkono haujaifikia dawa, maumivu yamekwisha kwenda zake. Kwa hiyo waliozoea maradhi haya wamebaki na njia zao za tangu zamani: kutembea, kukalia kitu kigumu, kusukuma nyuma kwa ngumi, kula tonge au kunywa maji, na zaidi ya yote kuketi katika beseni la maji ya moto. Mwenye kuona damu, au kukonda, au maumivu yasiyokimbia, huyo si wa beseni, ni wa kwenda kuchunguzwa upesi. Bali yule ambaye tabibu amemtazama asione kitu, tiba yake ya kwanza ni kuambiwa kwamba kutoonekana kwa kitu ndiyo sifa ya maradhi yake.

Beseni hilo halikungoja jina wala jarida. Tofauti ni moja tu: zamani aliyeketi ndani yake usiku hakujua kama anangoja nafuu au mauti, wa leo, maji yakiwa yangali moto, ajua kinachokuja, na ajua kwamba kitaondoka.