Elektrolisisi ya plazma

Elektrolisisi ya plazma ni aina ya elektrolisisi ambamo volti hupandishwa mpaka elektrodi moja izungukwe na utando wa gesi unaong'aa. Gesi hiyo ni plazma (utegili), yaani gesi ambayo baadhi ya atomi zake zimepoteza elektroni. Hufanywa katika maabara za vyuo, na pia majumbani na watu wanaopenda majaribio.

Inavyotokea

Katika elektrolisisi ya kawaida volti chache zinatosha kutoa viputo. Zikiongezwa, elektrodi ndogo hupata joto, maji yanayoigusa huchemka, na mvuke huitenga na kimiminika. Hapo mkondo wa umeme hupungua badala ya kuongezeka. Kisha cheche hupenya utando, na mwanga hutulia. Kwenye kathodi nyembamba hali hii huanza kwa kawaida kwenye volti mia moja hivi au zaidi. Anodi huhitaji zaidi. Chumvi ya sodiamu hutoa mwanga wa njano, ya potasiamu zambarau, sawa na katika jaribio la mwale wa moto shuleni.

Kanuni za Faraday hazitoshi hapa. Gesi inayotoka huzidi ile inayotarajiwa kutokana na chaji iliyopita, kwa sababu plazma yenyewe huvunja molekuli za maji.

Historia

Mwanga huu ulielezwa na Wafaransa Fizeau na Foucault mwaka 1844. Mwaka 1899 Mjerumani Arthur Wehnelt alitumia utando huohuo wa gesi kutengeneza kikatiza mkondo, kilichotumika kwenye mitambo ya awali ya eksirei. Leo viwanda hutumia mbinu ya jamii hiyo kuipa alumini na titani ngozi ngumu ya oksidi.

Madai ya joto la ziada

Mwaka 2000 Tadahiko Mizuno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walidai kwamba kathodi ya wolframi katika kabonati ya potasiamu ilitoa joto kuliko nishati ya umeme iliyoingia. Wengi walijaribu kurudia nyumbani, maana fimbo za wolframi hupatikana kwa mafundi wa kuchomelea. Wanasayansi walio wengi hawajayakubali madai hayo.

Ugumu uko kwenye vipimo. Kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2.26. Chombo kikipungua gramu 100, mpimaji huandika kilojuli 226. Lakini ikiwa gramu 20 zilirushwa nje kama matone, joto halisi la uvukizaji ni kilojuli 181 tu. Zile 45 za "ziada" hazikuwapo. Zaidi ya hayo, mkondo huruka mara nyingi kwa sekunde, na mita ya kawaida haiwezi kuufuata. Ripoti isiyoeleza jinsi matone na mkondo vilivyopimwa haithibitishi kitu.

Hatari

Wengine huchukua umeme wa ukutani na kuunyoosha kwa daraja la diodi bila transfoma ya kutenganisha. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita hufika volti 325 hivi, na huweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Hidrojeni hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche ziko palepale. Chumvi ya mezani hutoa klorini, gesi ya sumu. Mwaka 2005 chombo cha Mizuno mwenyewe kililipuka, na vipande vya kioo vikamjeruhi.