Kijidudu Kilichopewa Jina la Lister

Mwaka 1924, katika maabara ya Cambridge, Uingereza, sungura waliofugwa kwa majaribio walianza kufa ghafula. Murray, Webb na Swann walipopima damu yao waliona chembe nyeupe za namna moja zimezidi mno, wakakipata kijidudu kisichojulikana. Mwaka 1927, J. H. Harvey Pirie wa Johannesburg, tabibu ambaye ujanani alifuatana na msafara wa Waskoti mpaka barafu ya Kusini, alikikuta katika panya wa nyikani. Alikiita Listerella, kwa kumheshimu Joseph Lister, mpasuaji aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu vya vidonda. Jina hilo likaonekana limekwisha kupewa viumbe vingine, na mwaka 1940 Pirie akaligeuza kuwa Listeria. Lister alikuwa amefariki mwaka 1912. Sifa hii hakuiomba.

Kwa muda mrefu ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa wanyama, ingawa vichanga wachache walionekana nao Marekani katika miaka ya 1930. Fumbo lilifumbuliwa Halle, Ujerumani, baada ya Vita Kuu ya Pili. Watoto walizaliwa wafu au walikufa punde, na walipopasuliwa viungo vyao vilikutwa vimetapakaa vinundu vidogo. Potel alikidhani kijidudu chao kuwa cha jamii nyingine; baadaye ikathibitika kuwa ni kile kile cha sungura.

Hila ya maradhi haya imo katika upole wake kwa mama. Mja mzito hushikwa na homa na maumivu ya mwili mfano wa mafua, kisha hupona, hali kijidudu kimekwisha kupenya kondo na kumfikia mtoto. Mimba ikiharibika, nani ataikumbuka homa ya juma lililopita? Wanawake wangapi waliulizwa walibeba mzigo gani, na jibu lilikuwa katika damu yao! Hata mtoto aliyezaliwa mzima aweza kushikwa na homa ya uti wa mgongo katika juma la pili la maisha yake.

Njia ya kijidudu ilidhihirika mwaka 1981 huko Nova Scotia, Kanada. Waliugua watu 41, na 34 kati yao walikuwa wagonjwa wa uzazi. Chanzo kilikuwa saladi ya kabichi mbichi. Kabichi zilikuzwa kwa samadi ya kondoo wenye ugonjwa huo, kisha zikawekwa katika ghala la baridi. Baridi huvizuia vijidudu vilivyo vingi visiongezeke, lakini hiki huendelea kuzaana hata ndani ya jokofu. Mlinzi wa chakula alikuwa mlezi wa adui.

Mwaka 1985 jibini laini lilileta msiba kama huo California. Mkubwa kuliko yote uliojulikana uliipata Afrika ya Kusini mwaka 2017 na 2018: wagonjwa 1,060, waliokufa zaidi ya 200, na takriban wawili katika kila wagonjwa watano walikuwa vichanga. Januari 2018 watoto wa shule ndogo ya Soweto waliharisha. Poloni iliyokutwa katika jokofu la shule ikawaongoza wachunguzi hadi kiwanda kimoja cha Polokwane, na tarehe 4 Machi taifa likatangaziwa. Poloni ni nyama ya bei nafuu, huliwa bila kupikwa. Soweto imo Johannesburg, mji wa Pirie. Na mpaka Desemba 2017 hapakuwa na amri iliyowalazimisha matabibu wa nchi ile kuiarifu serikali kila waonapo ugonjwa huu.