Nani alinunua kibandiko, nani alikula faida?

Ukilazimishwa kununua kufuli la duka la mwenzako, wewe unapata nini? Wasambazaji wa Walmart, kule Marekani, walijikuta kwenye swali hilo.

Juni 2003 kampuni hiyo iliwaambia wasambazaji wake wakubwa 100: ifikapo Januari 2005, katoni na paleti zenu ziwe na vibandiko vya mawimbi ya redio. Kibandiko chenyewe hakina betri. Kinapata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kisomeo, kisha kinajibu kwa kutaja namba yake.

Kwenye karatasi hesabu ilikuwa tamu. Watafiti wa Auto-ID Center pale MIT walilenga kibandiko cha senti 5 tu, lakini bei ya sokoni ilikuwa juu zaidi. Fizikia nayo ikagoma: maji hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Sasa fikiria katoni ya soda za kopo!

Je, teknolojia ilifeli? Hapana. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas walikuta bidhaa kukosekana rafuni kumepungua kwa asilimia 16. Ila faida hiyo iliingia dukani, gharama ikabaki kwa msambazaji. Wengi wakawa wanabandika tu dakika ya mwisho kabla ya kupakia mzigo, ili amri itimie.

Mwaka 2010 Walmart ikageukia jinzi, moja moja. Saizi ni nyingi, kuzihesabu kwa mkono ni kazi, na nguo haisumbui mawimbi kama soda. Hapo hesabu ikaanza kukubali.

Kwa hiyo ukiambiwa mradi "utarudisha hela", uliza kwanza: hela ya nani, na itarudi kwa nani?