CNOOC na wapiga debe wa Washington

Wanafunzi wangu hudhani mwenye pesa hapingwi. Mimi huwapa kisa cha CNOOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya China. 2005 ilitaka kuinunua Unocal ya Marekani kwa dola bilioni 18.5 taslimu, dau kubwa kuliko la Chevron. Wapiga debe iliwakodi, lakini Chevron ilikuwa na marafiki wa siku nyingi. Wabunge 398 dhidi ya 15 wakapitisha azimio la kuipinga (ati usalama wa taifa!). Agosti ikajitoa.

2012 ikaja Canada kuinunua Nexen, safari hii ahadi mbele: makao ya kanda Calgary, hisa soko la Toronto, wafanyakazi wabaki. Desemba ikakubaliwa. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu Harper akatangaza kwamba kampuni za serikali za kigeni zitakazotaka kushika mchanga wa mafuta zitaruhusiwa kwa nadra tu.