Kwa Nini Vitabu Hufungwa Kila Mwaka

Kila mwaka twaulizwa: mbona hesabu yakatwa, ilhali kazi ingali yaendelea na madeni mengine hayajalipwa? Swali hili ni la haki, tena ni la kale.

Zamani biashara ya baharini ilihesabiwa kwa safari. Hata pwani yetu, mabaharia wa majahazi waligawiwa mafungu yao safari ilipokwisha. Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1600, ilianza vivyo hivyo: kila safari na mtaji wake na daftari lake. Toka 1613 mtaji ulichangwa kwa muda wa miaka kadhaa, na mwaka 1657 ukawa wa kudumu. Basi safari ya mwisho ya kungojewa haikuwapo tena.

Waholanzi walionja uchungu wa kungoja. Kampuni yao ya mwaka 1602 iliahidi hesabu kuu baada ya miaka 10. Mwaka 1612 wakurugenzi hawakuitoa, na kufikia 1622 wenye hisa walikuwa wakipiga chapa malalamiko yao. Nao walikwisha kuonywa! Mtawa Luca Pacioli, katika kitabu kilichotoka Venice mwaka 1494, aliwashauri wafanya biashara wafunge vitabu kila mwaka, hasa wenye ushirika.

Kukata huku kwataka uangalifu. Kwa hiyo ada ambazo hazikulipwa kufikia tarehe 31 Desemba tumeziandika mbali, kuwa ni madeni, hazikusamehewa.