Ghala Limejaa, Wodi Imejaa

Mgeni anayefika Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, kwa kawaida amekuja kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Lilirudishwa Juni 1954 na Gavana Edward Twining wa Tanganyika, aliyekwenda mwenyewe kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, mbele ya rafu zilizosheheni mafuvu ya watu wa makoloni. Alitumia vipimo. Vichwa vilivyotoka Afrika Mashariki vilipimwa, vikalinganishwa na vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, na kimoja chenye tundu la risasi kikakubaliwa. Ndivyo sayansi ya wakati ule ilivyowajua Wahehe: kwa kupima mifupa ya wafu.

Miaka 30 hivi baadaye Uhehe ilipata wapimaji wa namna nyingine. Hawa walikuja na mzani wa kuning'iniza kwenye tawi la mti, kaptura ya kitambaa ya kumtumbukiza mtoto, na kadi. Kazi yao haina jumba la makumbusho. Naona inastahili, maana kile kilichogunduliwa Iringa miaka ya 1980 kimeingia katika mafunzo ya madaktari wa watoto dunia nzima, na wengi wanaokisoma hawajui kilitoka wapi.

Tuanzie hospitalini, kwa sababu hadithi ya utapiamlo ilianzia huko. Jirani na Kalenga, juu ya kilima, ipo Tosamaganga, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikashikwa na Wakonsolata wa Italia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hospitali yake, mali ya Kanisa Katoliki, imewahi kubeba jukumu la hospitali teule ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Katika wodi ya watoto ya hospitali kama hii, muuguzi yeyote wa zamani anamfahamu yule mtoto: miguu imevimba, nywele zimepauka na zinang'oka, ngozi inabambuka, hataki kula wala kucheza. Mara nyingi mama alikuwa amechelewa kumleta, kwa kuwa majirani walisema mtoto amebemendwa, yaani kwamba wazazi wake wamevunja miiko ya unyumba. Maneno hayo humwangushia mzazi aibu, na aibu humfanya amfiche mtoto ndani.

Ugonjwa huo, unyafuzi, ulielezwa kitaalamu mwaka 1933 na Dk. Cicely Williams, aliyekuwa akiwahudumia watoto Gold Coast, Ghana ya leo. Kwa upande wetu kazi kubwa ilifanyika Mulago, Kampala, ambako Hugh Trowell na wenzake walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Madaktari hao walikuwa wakitibu asubuhi na kuandika jioni, na walichokiandika kiliwafanya wakubwa wa afya duniani waamini kwamba mtoto wa Afrika ana upungufu wa protini. Maziwa ya unga yakawa jibu la kila kitu. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet makala kali akisema dunia imepotezwa, na kwamba fedha nyingi zimemwagwa kwenye protini huku watoto wakikosa tu chakula cha kutosha.

Tanzania ilikuwa imekwisha kujitengenezea chombo chake. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973, chini ya Dk. T. N. Maletnlema. Shule ya udaktari ilikuwa imeanza Dar es Salaam miaka kumi kabla. Kizazi cha kwanza cha mabingwa wazalendo wa watoto kilikuwa kinajitokeza, akiwamo Dk. Esther Mwaikambo, Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa daktari, aliyesomea Urusi ya Kisovieti na baadaye kuwa profesa wa magonjwa ya watoto. Kwa hiyo swali gumu lilipoulizwa, walikuwapo wenyeji wa kulijibu.

Swali lenyewe lilikuwa la aibu kidogo. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa iliyokuwa ikilisha nchi. Lori za mahindi zilishuka mlima Kitonga kwenda Dar es Salaam, na watoto wenye unyafuzi walipanda kwenda hospitali. Kama tatizo ni njaa, kwa nini wodi inajaa mahali ambapo ghala limejaa?

Mwaka 1983, kwa fedha za serikali ya Italia zilizopitia Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mpango wa lishe ulianza katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ambao enzi hizo ulijumuisha pia Njombe, Makete na Ludewa. Upande wa Tanzania walikuwapo wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe kama Dk. Festo Kavishe. Upande wa UNICEF walikuwapo Waswidi wawili waliopenda mabishano, Urban Jonsson na Björn Ljungqvist. Walikubaliana jambo moja ambalo daktari wa wodini hulipata kwa shida: kwamba anayepaswa kwanza kusoma matokeo ya kipimo ni wanakijiji wenyewe, kabla ya mtafiti.

Kila baada ya miezi mitatu hivi kulikuwa na siku ya afya ya kijiji. Watoto wote chini ya miaka mitano walipimwa uzito, na kadi ikaonyesha rangi: kijani, kijivu au nyekundu. Hesabu zilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, na wazee waliozoea kujadili mbolea na michango ya shule wakajikuta wanajadili kwa nini watoto wa kitongoji fulani wameangukia nyekundu. Kifo cha mtoto kikawa ajenda ya kikao. Kisha majibu yakaanza kutoka, na hayakuwa ya protini. Mama yuko shambani tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, anakula mara mbili kwa siku. Kuhara hakukomi. Chakula kipo nyumbani, wa kumlisha hayupo. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulisha watoto mchana, na wahudumu wa afya wa kijiji wakafundishwa na kulipwa na vijiji vyao, ingawa malipo yenyewe yalikuwa ya kusuasua.

Halafu kuna suala la uji, na hapa naomba nikae kidogo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mzito wa mahindi hawezi kuumeza wa kutosha. Ukiongezwa maji anaumeza vizuri, lakini anashiba maji. Watafiti A. C. Mosha wa Tanzania na Ulf Svanberg wa Uswidi walionyesha njia ya kutoka katika mtego huo, na walifanya majaribio yao kwa watoto wa kijiji cha Luganga, Iringa. Nafaka ikiloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa na kusagwa, unga wake una kimeng'enya kinachokatakata wanga. Kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito, uji unalegea ndani ya dakika chache bila tone la maji, na nguvu yote ya unga inabaki humo humo. Wanawake wa Iringa hawakuhitaji kuelezwa kimea ni nini, kwa kuwa walikuwa wakikitengeneza siku zote kwa ajili ya pombe. Hoja ya watafiti ilikuwa tu kwamba kijiko kimoja kihamishwe kutoka mtungi wa baba kwenda bakuli la mtoto. Sijui utafiti mwingine wa maabara ulioanzia karibu hivyo na kilabu cha pombe.

Mwaka 1984 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa, karibu 56 katika kila 100, walikuwa na uzito pungufu kwa kipimo cha wakati ule. Kufikia 1988 walikuwa kama 38. Wale wa nyekundu walipungua kutoka zaidi kidogo ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Mwaka 1990 UNICEF ilipitisha mkakati wake wa lishe wa dunia nzima, na mchoro uliokuwa ndani yake ulikuwa umepikwa Tanzania: juu mtoto anakufa au anadumaa, chini yake ugonjwa na mlo duni, chini zaidi chakula cha kaya, malezi na huduma za afya, na kwenye mzizi siasa na uchumi. Mwanafunzi wa udaktari wa Nairobi au wa Chicago anauchora kwenye mtihani. Neno "malezi" limo mle kwa sababu ya akina mama waliokuwa hawana muda.

Wodi nazo hazikusimama. Ilibainika kwamba watoto wengi wenye utapiamlo mkali walikuwa wakifia mikononi mwa wahudumu wenye nia njema, waliowatundikia dripu ya haraka na kuwajaza chakula siku ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ukageuza utaratibu: kwanza mpe joto, mpandishe sukari, tibu maambukizi hata kama hana homa, mpe maziwa hafifu kidogo kidogo mchana na usiku, na kunenepesha kusubiri. Ni kazi ya muuguzi wa zamu ya usiku kuliko ya profesa.

Somo kali zaidi lilikuja mwaka 2011. Utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, Kenya, uliofanyika pia katika hospitali za Uganda na katika Hospitali Teule ya Muheza hapa Tanzania, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko. Wenye utapiamlo mkali hawakuwamo. Wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyoagiza, na wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48 walikufa zaidi ya asilimia 10 ya waliopewa, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Madaktari wa nchi tajiri walichukua miaka kuamini, na ninawaelewa. Si rahisi kuambiwa kwamba jambo ulilolifanya kwa mkono wa huruma limekuwa likiua.

Nyanda za Juu Kusini, ambako Iringa imo, zilikuwa na mzigo wao wa ziada. Upimaji wa kitaifa wa 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, Iringa na Mbeya zikiwa karibu 9, na Mbeya ikapata kituo cha Baylor cha watoto wanaoishi na VVU mwaka 2011. Tosamaganga nayo imekuwa ikipokea madaktari wa Kiitalia wa shirika la CUAMM la Padova, wakiwamo vijana wanaosomea ubingwa wa watoto, wanaotumia miezi wodini na kuandika tafiti. Wanafanya kazi njema. Ila ningependa kuona jina la kwanza kwenye tafiti hizo likiwa mara nyingi zaidi la mtu atakayekuwapo wodini mwaka ujao.

Na sasa kuna takwimu inayowasumbua viongozi wa mkoa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Magazeti yaliandika kwamba mkoa umerudi ulikotoka, na kwa kweli takwimu hiyo inafanana mno na ile ya 1984. Lakini ile ya zamani ilikuwa ya uzito kwa umri, na hii ni ya urefu kwa umri, kwa viwango vipya vya mwaka 2006. Kuzilinganisha ni kosa. Kwa uzito nchi imepiga hatua: kitaifa wenye uzito pungufu mwaka 2022 walikuwa asilimia 12.

Mtoto aliyedumaa hana uvimbe, ngozi yake haibambuki, na akisimama katikati ya wenzake wa kijijini waliodumaa pia, anaonekana wa kawaida. Mama yake hana sababu ya kupanda naye Tosamaganga. Akifika huko kwa nimonia, daktari atamtibu nimonia na kumruhusu, na kama ubao wa kupimia urefu umefungiwa stoo, udumavu wake hautaandikwa popote.