Osha kuta na dari kupunguza mzio wa paka na mbwa

PAKA anaweza kuondoka nyumbani kwa siku moja, lakini alichokiacha kutani hudumu kwa miezi. Ndiyo sababu mpangaji asiyefuga mnyama yeyote anaweza kuhamia nyumba mtaani Milimani au Lanet, Nakuru, na usiku huo huo mtoto wake mwenye pumu akaanza kupiga chafya na kupumua kwa shida.

Wengi hudhani kwamba manyoya ndiyo chanzo cha mzio. La hasha. Chanzo ni protini zilizomo katika mate, mba na mkojo wa mnyama. Ile ya paka, ambayo wanasayansi huiita Fel d 1, hutoka katika mate na tezi za ngozi. Paka anapojilamba huisambaza mwilini, nayo hukauka na kupeperuka. Chembe nyingine ni ndogo kuliko mikroni 5, hivyo huelea hewani kwa saa kadhaa kabla ya kunata kwenye kuta, dari, mapazia na nguo.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1989 ulionyesha kuwa, baada ya paka kuondolewa, kwa kawaida huchukua takriban wiki 20 hadi 24 kabla ya kiwango cha protini hiyo katika vumbi la nyumba kushuka hadi kile cha nyumba isiyo na paka. Utafiti mwingine wa mwaka 1992 uliikuta kwenye kuta zenyewe.

Vumbi na baridi

Jina la Nakuru huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Upepo wa kiangazi huwalazimu wakazi kufunga madirisha mchana. Molo, Elburgon na Njoro, baridi ya Juni hadi Agosti huyafunga tena, na mara nyingi mbwa au paka huingizwa ndani kuota moto. Hewa isipobadilishwa, vichochezi vya mzio hurundikana.

Wakati mwafaka wa kazi hii ni Januari au Februari, kabla ya mvua za masika, kwani kuta hukauka upesi. Anza asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi.

Namna ya kuosha

Kwanza, mwenye mzio aondoke nyumbani kwa siku nzima. Anayeosha avae barakoa na glavu. Toa mapazia, matandiko na mazulia nje, kisha funika vitu visivyohamishika.

Usifagie utando wa buibui kwa ufagio mkavu, maana utarudisha chembe hewani. Funga kitambaa chenye unyevu kwenye mti mrefu, upanguse dari kwanza, kisha kuta kuanzia juu, na sakafu iwe ya mwisho. Usisahau vizingiti vya milango, taa na juu ya kabati.

Tumia ndoo mbili: moja ya maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Maji yakichafuka, yabadilishe. La sivyo utakuwa unahamisha uchafu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Dawa kali hazihitajiki. Usichanganye kamwe dawa ya klorini na tindikali au dawa nyingine ya kusafishia, kwani mvuke wake unaweza kuua.

Kila ukuta una namna yake. Uliopakwa rangi ya mafuta huvumilia kusuguliwa. Wa rangi ya maji upanguswe polepole. Ukuta wa chokaa hauoshiki: upanguse, kisha upake chokaa upya. Wa udongo usiribwe upya. Mbao zipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, hasa kwenye maungio. Dari ya ubao laini huvimba na kupinda ikilowa, basi igusiwe unyevu tu.

Katika nyumba za zamani kuna tahadhari kubwa zaidi. Dari au paa la asbesto lisisuguliwe wala kukwanguliwa, kwa kuwa nyuzi zake husababisha saratani. Rangi kuukuu inayobambuka nayo isipigwe msasa, kwani huenda ina madini ya risasi.

Mipaka ya kazi hii

Kuosha kuta peke yake hakutoshi. Godoro, makochi na mazulia huhifadhi protini hizi kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Fua matandiko kwa maji moto kila wiki, na ufunike godoro kwa mfuko usiopitisha vumbi. Mnyama akiendelea kuishi ndani, kuta zitachafuka tena upesi. Angalau asiingie chumba cha kulala. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kumhamishia nje au kumtafutia makao mengine.

Aidha, si kila kikohozi ni cha paka. Moshi wa jikoni, ukungu, mende na utitiri wa vumbi pia huamsha pumu. Daktari ndiye awezaye kupima na kubainisha chanzo.

Mgonjwa asiache dawa yake ya kuvuta eti kwa sababu nyumba imeoshwa. Na akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, huo si wakati wa kutafuta ndoo na kitambaa: mkimbizeni hospitalini.